Mama Chupa na Kibao cha Chaki

Vidole vya wifi yangu havina alama. Miaka kumi na moja ya kuosha vioo kwa sabuni kali na maji ya moto imezifuta zote, na alipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilimkataa mara sita. Kijana wa kwenye meza akamwambia, "Mama, wewe huna vidole." Wifi akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. "Vizuri," akasema. "Siku nikimnyonga mtu hamtanipata."

Watu wakacheka naye. Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake sikucheka, kwa sababu nilimjua aliyemfikiria.

Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu. Anafanya kazi kwenye maabara ya kituo cha afya: anaosha chupa, mirija na visahani vya kuoteshea vijidudu. Ndiyo maana uani kwetu wanamwita Mama Chupa. Ana mtoto mmoja, msichana, tunamwita Kidege kwa sababu alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Tunakaa nyumba moja ya vyumba sita, mlango wake na wangu inatazamana, na kwa kuwa yeye anatoka saa kumi na mbili asubuhi, Kidege alikuwa anashinda na mimi na mwanangu mchanga.

Wifi si mtu wa kugombana. Lakini hasahau. Kuna jirani aliwahi kumwambia maji yake ya kufulia yananuka hospitali. Wifi hakumjibu. Akaanza kumwaga maji yake mbali, kwenye mtaro wa barabarani, na alikuwa anapita na ndoo mbele ya mlango wa yule jirani kila siku akisema, "Hodi, harufu inapita." Miaka mitatu. Yule jirani alihama.

Sasa nieleze habari ya kopo.

Uani kwetu tulikuwa na kopo la maziwa ya unga, limewekwa juu ya boksi la mita ya umeme. Humo ndimo tulimoweka dawa zilizobaki. Mtoto akiugua, mama yake ananunua vidonge; homa ikishuka anaacha, vilivyobaki vinaingia kwenye kopo kwa ajili ya mtoto mwingine. Tuliona ni upendo. Mama asiye na kitu hakosi cha kumpa mwanawe. Na humo ndani, zaidi ya panadoli, zilijaa rangi mbili, zile kapsuli nyekundu na njano. Unaipasua, unamwaga unga kwenye kijiko cha sukari, mtoto anameza.

Rangi mbili zote zilitoka kwa mtu mmoja. Ana duka la dawa kwenye kona, lenye msalaba wa kijani, na mtaa mzima unamwita Daktari ingawa hakuna aliyewahi kuona cheti chake. Koti jeupe analo. Ukienda na mtoto anayekohoa, hamtazami koo wala haulizi ameugua siku ngapi. Anauliza, "Mafua?" Unasema ndiyo. "Rangi mbili hizo. Mpe asubuhi na jioni, homa ikikata acha, usimchoshe mtoto." Ukisema tumbo, rangi mbili. Ukisema kidonda, rangi mbili, unamwaga unga juu yake. Tulimpenda kwa sababu kwake hakuna foleni.

Kidege alikuwa mtoto wa mafua. Miaka minne yake ya kwanza pua yake haikukauka mwezi mzima. Wifi alimnunulia rangi mbili mara mbili au tatu, kisha akaacha, akawa anasema mafua yataisha yenyewe, amesikia kazini. Na hapa lazima niseme jambo ambalo nikilificha, hadithi hii yote itakuwa ya uongo. Wifi alipoacha, mimi niliendelea. Mtoto alikuwa anashinda kwangu, analia, pua zimeziba, mwanangu mchanga amelala pembeni nami naogopa ataambukizwa. Nikawa natia mkono kwenye kopo. Leo kapsuli mbili, kesho moja, akichangamka naacha. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi. Nilipomuuliza Daktari kama ni sawa, alisema, "Shemeji, dawa haina ubaya. Ubaya ni ugonjwa." Sikumwambia wifi.

Kisha likaja sikio.

Lilianza baada ya mafua mengine. Kidege alishika sikio la kulia akalia mchana kutwa. Wifi alipotoka kazini alimkuta anaungua. Alikuwa amechoka, kituo kimeshafungwa milango ya wagonjwa wa nje, akapita kwa Daktari. Safari hiyo Daktari aliapa. "Hii ni sikio, hii ndiyo kazi yenyewe ya rangi mbili. Nakupa dozi kamili." Wifi alimpa dozi kamili, kwa saa, bila kuruka hata mara moja. Siku ya nne usaha ukatoka sikioni. Siku ya saba kulikuwa na uvimbe nyuma ya sikio kama yai la njiwa, na sikio lenyewe limesukumwa mbele.

Walimpeleka hospitali kubwa, wakapasua mfupa nyuma ya sikio kuondoa usaha. Kidege alirudi na bandeji kichwani kama mpishi. Lakini sikio la kulia halikurudi. Ukimwita upande ule anaendelea kucheza.

Kabla ya upasuaji usaha ule ulipimwa maabarani kwa wifi, na wifi ndiye aliyekuja kuosha kisahani. Mtaalamu wa pale ni mama mmoja mwembamba wanayemwita Miwani. Alimwita wifi, akamwonyesha kisahani chenye utelezi mwekundu ulioganda kama uji. Juu yake vijidudu vilikuwa vimeota kama ukungu wa mkate, na katikati yao vikaratasi vidogo vya mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati la mtoto, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Dawa inayoweza, inaacha uwazi safi kuzunguka kikaratasi chake, vijidudu havisogei. Kwenye kikaratasi cha rangi mbili hapakuwa na uwazi. Vijidudu vilikuwa vimeota mpaka mlangoni pake.

"Hawa wameshaizoea," Miwani akasema. "Mtoto amekula sana dawa hii?"

"Kwa mafua," wifi akasema. "Lakini si sana. Niliacha."

Miwani akavua miwani. "Mafua ni virusi, mama. Rangi mbili ni ya bakteria."

Wifi alinisimulia siku hiyohiyo, tumekaa kwenye kizingiti chake, nami namnyonyesha mwanangu ili nipate pa kutazama. Miwani alimweleza kwamba bakteria ni kiumbe kamili, ingawa huwezi kumwona kwa macho: ana ukuta wake, anakula, anajigawa mwenyewe. Wengi hawana shida na sisi. Tumboni mwetu wamejaa na wanatusaidia kusaga chakula. Wachache ndio wanaoleta kipindupindu, kifua kikuu, usaha wa sikio. Virusi ni kitu kingine kabisa, kidogo zaidi hata ya bakteria. Hana ukuta kama ule, hali chakula, hajigawi. Hata ukimwekea utelezi wa Miwani kwenye kabati la joto wiki nzima haoti. Lazima aingie ndani ya chembe hai ya mwili wako, aigeuze imtengenezee virusi wengine. Mafua ni hivyo, surua ni hivyo, ukimwi ni hivyo.

"Elewa hivi, wifi," akaniambia. "Bakteria ni mpangaji. Ana chumba chake, ana jiko lake. Virusi ni mgeni anayeingia jikoni kwako bila hodi, anakuamuru umpikie yeye na ukoo wake mpaka sufuria inapasuka. Rangi mbili kazi yake ni kubomoa kuta. Sasa wewe ukibomoa kuta ili umtoe mgeni asiye na ukuta, unabomoa za nani?"

"Za wapangaji," nikasema.

"Wapangaji waliotulia. Na wakorofi wawili watatu wenye kuta ngumu wanabaki, nyumba nzima ni yao. Wanazaana. Siku wakiingia kwenye sikio la mtoto, unawatupia rangi mbili wanacheka." Akaokota kokoto kwenye ungo wa mchele, akaitupa. "Yule mtu amenifugia nyoka kwenye sikio la mwanangu. Wallahi nitamlipa. Sijui lini, ila nitamlipa."

Alisema bila kupandisha sauti, huku anachambua mchele. Mimi nilibadilisha ziwa ingawa mtoto alikuwa hajamaliza la kwanza.

Kesho yake nililishusha lile kopo nikamwaga dawa zote chooni. Baadaye nikasikia kumbe hata hilo ni kosa, dawa hurudishwa kituoni. Wifi aliliona kopo tupu. Hakuuliza. Alilichukua akaliweka dirishani kwake.

Mwaka na nusu ukapita. Wifi alipita mbele ya duka la Daktari kila siku na hakumsalimia. Daktari alikuwa anamwita, "Mama Kidege, mbona mkavu hivyo?" Yeye anapita. Wenye nyumba ya jirani walimwambia asamehe, mambo ya Mungu. Alijibu, "Ya Mungu nimemwachia Mungu. Yangu ninayo."

Kisha Daktari akapata jipu.

Lilikuwa pajani. Alianza kuchechemea, kisha akawa anauza dawa ameketi, kisha akaja na fimbo. Alikuwa amekunywa rangi mbili zake mwenyewe wiki mbili, na paja likazidi kuvimba likawa linang'aa. Mwishoni alikuja kwenye kituo chetu akapanga foleni kama sisi. Walimpasua, wakachukua usaha, wakaupeleka maabara. Akaambiwa arudi baada ya siku mbili kuchukua jibu.

Siku ya jibu mimi nilikuwa pale. Nilimpeleka Kidege kusafishwa sikio, na tulipomaliza tukaenda kwenye kidirisha cha maabara kumsalimia mama yake. Miwani alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Wifi alikuwa peke yake, ameshika kisahani kwa mikono miwili, na jina la Daktari limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko.

Pale ndani kuna vitu viwili ambavyo maisha yake yote ya kazi ameambiwa asivichanganye. Kuna kabati la joto, ambamo visahani vinasubiri kusomwa. Na kuna ndoo nyekundu, ya vilivyokwisha kusomwa, ambavyo yeye anavichemsha kwenye sufuria kubwa ya mvuke mpaka hakuna kinachoishi. Kisahani kile kilikuwa hakijasomwa. Na wifi alikuwa amekishikilia juu ya ndoo nyekundu.

Aliniona. Hakuondoa mikono.

"Wifi," akasema polepole. "Kikitumbukia hapa, nani ataniuliza? Vinavunjika kila wiki. Watamwambia aanze upya. Watampa dawa ya kubahatisha. Mguu ule hauna siku nyingi za kubahatisha."

Ningesema nini? Nilijua kama kuna mtu wa kutumbukizwa kwenye ndoo ile, kifuniko chake kina jina langu pia.

Kidege hakuona lolote. Alikuwa amemgeuzia mama yake upande usiosikia, na watoto wa sikio moja hawajui kupima sauti. Akapiga kelele, korido yote ikasikia: "MAMA! WAMENITOA NTA!"

Wifi akamtazama mwanawe. Kisha akasema, si kwangu wala kwa mtoto, "Akifa hajui, mimi nimepata nini? Watamlilia. Watamwita Daktari mpaka kaburini." Akakirudisha kisahani kabatini, akafunga mlango kwa kiwiko kama walivyomfundisha. "Hapana. Huyu lazima ajue."

Msije mkadhani alilainika. Nilimwona uso. Alikuwa mtu aliyeghairi kutupa jiwe kwa sababu ameona kubwa zaidi.

Miwani alirudi, akasoma, akaandika. Daktari akaitwa. Alikuja na fimbo yake, akasimama kwenye kidirisha, na kwenye mabenchi ya korido walikuwa wamekaa watu wasiopungua ishirini, nusu yao wateja wake.

"Mzee," Miwani akasema, "rangi mbili haiwezi. Tunakubadilishia."

"Haiwezi vipi? Nimekunywa dozi mbili."

Basi wifi akatoka na kile kisahani kimefungwa kwa utepe, akakinyanyua mbele ya uso wake.

"Tazama, Daktari. Tazama vizuri. Hiki chenye uwazi, dawa inaweza. Na hiki pia. Hiki hapa je? Unakijua?"

Daktari akahamishia fimbo mkono mwingine.

"Ni rangi mbili hiyo. Umeona uwazi?"

"Mama Kidege, hapa si mahali pa—"

"Umeona uwazi au huoni?"

"Sioni."

"Hata kwa mwanangu haukuwepo. Ulimpa ya mafua, na mafua ni virusi, hayatibiwi kwa hiyo. Ukampa, ukatupa sote, kila wiki, mpaka wadudu wa mtaa mzima wakaizoea kama chai. Leo wamekuja kukushukuru kwenye paja."

Mtu akacheka kwenye benchi, mwingine akamkanyaga mguu anyamaze.

"Mimi niliuza mlichoomba!" Daktari akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Mngekuja huku! Mlikuja kwangu kwa nini?"

"Kwa sababu ulivaa koti," wifi akasema. "Sisi hatuna koti."

Daktari akapangusa uso kwa kiganja. Wifi hakumngoja.

"Sasa sikiliza. Mkaguzi wa maduka ya dawa hunywa chai kwenye chumba kile pale, na vikombe vyake naviosha mimi. Sitamwambia kitu. Wakikufunga, utafungua mtaa mwingine uwaharibie masikio watoto wengine. Nataka ubaki palepale. Nataka kibao mbele ya duka lako, mtu asiingie bila kukisoma. Na asiyejua kusoma, wewe utamsomea kwa mdomo wako."

Jioni hiyo muuguzi mkuu alimwita wifi, akampa barua ya onyo kwa kutangaza habari za mgonjwa koridoni. Aliipokea kwa heshima, akasema "nimekosa", na kweli alikuwa amekosa. Akaja nayo nyumbani, akaikunja, akaiweka kwenye lile kopo la dirishani. "Onyo moja naliweza," akasema. "Nimelinunua kwa bei nzuri."

Daktari alipona. Dawa sahihi ilimkausha ndani ya siku kumi. Wifi alipoambiwa, alisema tu, "Mguu wake umepona, sikio la mwanangu halijapona. Kwa hiyo hatujamaliza."

Jumamosi ya kwanza tulikwenda dukani sote watatu. Daktari alikuwa ameweka ubao mweusi wa mbao nje, na pembeni kopo la rangi ya mafuta nyeupe na brashi mpya. Alitaka iandikwe mara moja tu, liishe. Wifi akaisukuma rangi kwa mguu.

"Chaki," akasema. Akanipa mimi. "Andika, wifi. Wewe ndiye una mwandiko mzuri."

Nikaandika alichosema: MAFUA NI VIRUSI. RANGI MBILI HAIUI VIRUSI.

"Mstari wa pili."

Nikasubiri. Alikuwa amemshika Kidege mkono, upande unaosikia, na alikuwa hanitazami.

"DAWA ILIYOBAKI USIMPE MTOTO WA MWENZIO."

Chaki ikanikatikia mkononi.

Nikamgeukia. Uso wake haukuwa na kitu. Uso uleule wa kuchambua mchele.

"Wifi," nikasema. "Tangu lini?"

"Tangu kopo lilipokuwa tupu," akasema. "Mtu hamwagi kopo zima bure." Akaokota kipande cha chaki kilichoanguka, akanirudishia. "Andika. Kwa herufi kubwa kama za juu. Usibanie."

Niliandika. Daktari alikuwa mlangoni anatutazama, hajui nini kinaendelea, na nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha kwamba mtu mwingine naye anatoka jasho.

Wifi hajawahi kunitukana. Chakula tunakula pamoja, mwanangu anambeba, na mimi ananiita wifi kama kawaida. Lakini Kidege hashindi tena kwangu. Akitoka shule anakwenda kazini kwa mama yake, anakaa kwa mlinzi wa geti mpaka saa ya kutoka. Na mvua ikinyesha chaki inafutika, hata umande tu unatosha, na kila Jumamosi nakwenda na kitambaa na chaki kuandika upya mistari miwili. Wifi anakaa kwenye benchi la Daktari. Mteja akiingia akasema rangi mbili, wifi anakohoa mara moja. Daktari anavuta pumzi, anaanza: "Mafua ni virusi..." Anaijua yote kwa moyo sasa. Watoto wa mtaani wanamwitikia.

Wiki iliyopita Daktari alinivuta pembeni. "Shemeji," akaninong'oneza, "lile kopo la rangi bado ninalo. Dakika tano tu, limekwisha, hata wewe utapumzika."

Nilimtazama Kidege. Alikuwa amesimama mbele ya kibao, ameanza shule sasa, anafuata herufi kwa kidole, anasoma kwa sauti ya juu kuliko inavyohitajika. Alikuwa kwenye mstari wa pili. Alipofika mwisho akaniuliza, "Shangazi, mwenzio ni nani?"

Nilimzunguka kwanza, nikaenda upande wa kushoto, unaosikia, ndipo nikamjibu. Kisha nikachukua chaki.